Nusu ya Mshahara Ikiisha

Somo: 2 Wafalme 4:1–7

Nakusalimu asubuhi hii popote ulipo, nyumbani, ndani ya matatu, au pengine kitandani ukiwa macho wazi tangu saa nane za usiku. Huyo wa mwisho ndiye hasa ninayetaka kuzungumza naye leo. Ninyi wengine sikilizeni pia, kwa maana kabla sijamaliza nitakuwa na neno kwenu.

Mwaka 2017 nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Tulikuwa makarani watatu katika chumba kimoja. Mmoja akaacha kazi, wa pili akapunguzwa, na vitabu vya wote wawili vikaletwa juu ya meza yangu. Niliambiwa ni kwa mwezi mmoja tu. Ikawa miezi kumi na mmoja. Nilifika kazini saa kumi na mbili asubuhi, nikatoka saa tatu usiku, na Jumapili nikitoka kanisani nilirudi huko. Mimi ni mzee wa kanisa, na nakiri mbele yenu kwamba kuna Jumapili niliyopitisha sahani ya sadaka huku nikijumlisha risiti za dizeli kichwani.

Kisha mwili ukakataa. Usingizi ulinitoka. Simu ikilia, moyo ulipiga mbio kama mtu anayefukuzwa. Siku moja nilikaa mbele ya kitabu tangu asubuhi hadi adhuhuri, na sikuandika hata mstari mmoja. Tarakimu nilizozizoea miaka kumi na minne zilikuwa kama maandishi ya kigeni. Daktari alinipima asipate malaria wala homa ya matumbo. Akaniuliza, "Mzee, kazi ikoje?" Nikalia. Nilikuwa sijalia tangu kumzika baba yangu.

Watu wengi hudhani ugonjwa wa namna hii ni uvivu uliovaa koti. Si hivyo. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliutia uchovu huu wa kazini katika orodha yake kubwa ya magonjwa na hali za afya, si kama ugonjwa wenyewe, bali kama hali inayotokana na kazi iliyomlemea mtu muda mrefu pasipo kutulizwa. Na ikiendelea huweza kufuatana na magonjwa hasa, ya moyo na ya akili. Basi daktari akaniandikia barua ya kupumzika, nikaipeleka kwa bwana mkubwa, nikaenda nyumbani.

Hapo ndipo hesabu nyingine ilipoanza.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inasema kwamba mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo anayo haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili, na baada yake siku saba kwa nusu ya mshahara, katika kila kipindi cha miezi kumi na miwili. Sharti awe na cheti cha daktari, na amjulishe mwajiri wake mapema iwezekanavyo. Hicho ndicho kiwango cha chini. Kampuni nyingi, na mikataba mingi ya vyama vya wafanyakazi, hutoa zaidi. Kwa hiyo tafuta barua yako ya kuajiriwa, uisome. Yangu ilitoa yale ya sheria tu, bila nyongeza. Nilikuwa nikipata shilingi 42,000 kwa mwezi. Siku saba za kwanza zikapita. Siku saba za nusu zikaniletea shilingi 4,900. Nilikuwa na siku zangu 21 za likizo ya mwaka, nikazitumia nazo, kwa maana sikuwa na nyingine. Zilipokwisha, daktari alisema bado. Afisi ikasema, "Pumzika, lakini bila malipo."

Ndugu, sikumwambia mke wangu.

Alijua mimi ni mgonjwa, naam. Hakujua kwamba mshahara umesimama. Siku aliyotarajia nirudi kazini nilivaa shati na tai, nikabeba mkoba wangu, nikaenda kuketi katika bustani ya mji mpaka jioni. Nilifanya hivyo siku kumi na mbili. Nilikula ndizi mbili mchana, na mara nyingine sikula. Katika benchi ile nilikopa kwa simu shilingi 2,000, halafu 4,000 nyingine mahali pengine ili nilipe zile za kwanza, nikapeleka nyumbani zilizobaki kana kwamba ni mshahara. Mgonjwa aliyepaswa kulala alikuwa akifanya kazi ya kuficha, nayo ilinichosha kuliko vitabu vya kampuni.

Unalijua lile neno la Eliya chini ya mti wa mretemu, katika 1 Wafalme 19. Mtu huyu alikuwa amefanya kazi kubwa juu ya mlima Karmeli, kisha akachoka hata akaomba afe. Mungu hakumkemea. Hakumwambia aongeze imani. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Nami niliwahi kuomba kama Eliya, kwenye benchi lile, siku ya tisa. Kama wewe umefika hapo asubuhi hii, kizime kipindi hiki sasa hivi ukamwambie mtu aliye karibu, kisha mwende pamoja hospitali leo, si kesho. Maneno yangu yatakungoja. Hospitali nyingi kubwa za kaunti zina kliniki ya mambo ya akili, na wanaokwenda huko ni watu kama mimi na wewe.

Aliyefichua siri yangu ni mwenye duka. Alimwuliza mke wangu kwa adabu sana kuhusu shilingi 3,400 za unga, sukari na mafuta. Nilipoingia jioni ile nimevaa tai yangu, mama watoto alikuwa ameketi mezani na daftari la mtoto la hesabu, amelifungua upande wa nyuma. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Wanjiru, niambie yote tunayodaiwa. Yote. Hata yale ya simu."

Sasa tufungue Neno. Mjane mmoja, mke wa mtu wa wana wa manabii, alimlilia Elisha. Mumewe amekufa, na mwia wake, yaani mdai, amekuja kuwachukua wana wawili wawe watumwa. Hebu tazama mama huyu alianza wapi. Hakuanza na mafuta, alianza na kulisema deni kwa kinywa chake, na jina la mumewe mcha Mungu likiwa ndani ya deni hilo. Ingekuwa rahisi kunyamaza kwa kulinda heshima ya marehemu. Elisha naye akamwuliza maswali mawili: nikufanyie nini, na una nini nyumbani? Akajibu kwamba hana kitu, isipokuwa chupa ya mafuta. Mara nyingi tunajibu hivyo hivyo. Hatuna kitu, isipokuwa.

Katika daftari letu upande wa deni ulikuwa hivi. Kodi ya nyumba 9,000 kila mwezi. Mkopo wa sacco 8,500 kila mwezi, ambao ulikuwa ukikatwa afisini kabla sijauona mshahara. Karo ya msichana wetu aliye shule ya bweni, salio 14,000. Duka 3,400. Simu 6,000 na ada zake. Na ahadi ya shilingi 5,000 kwa paa la kanisa, niliyoitangaza mwenyewe kwa sauti kubwa siku ya harambee.

Upande wa pili: kuku saba, televisheni, ng'ombe mmoja kwa mama yangu, kipande cha shamba, na cherehani ambacho mke wangu alikuwa akishonea sare za watoto wetu. Nilitaka tuuze shamba mara moja tuwe huru. Mke wangu alikataa, nami namshukuru Mungu mpaka leo. Mtu aliyechoka akili asiuze ardhi, wala asiandike barua ya kuacha kazi usiku. Nilikuwa nimekwisha kuiandika, iko mfukoni. Aliichukua akaichana. Nilikuwa sijui hata kwamba sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, inasema mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa kushindwa kazi au kwa udhaifu wa mwili, ni lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, naye awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama pembeni. Mimi nilikuwa karibu kuwapa bure kile ambacho wao wenyewe wangepaswa kukitolea sababu. Afisi ya kazi iko katika kaunti. Nenda ukaulize kabla hujaweka sahihi kitu chochote.

Kuhusu mikopo ya simu nitasema wazi, maana najua wengi mnaosikiliza mko ndani yake. Chukua mfano. Ukikopa shilingi 10,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi, na kila mwezi ukalipa kwa kukopa tena, mwaka ukiisha utakuwa umetoa 9,600 za ada, na zile 10,000 bado unadaiwa. Nilikuwa karani wa hesabu, jamani! Ningemwonya dereva yeyote wa kampuni. Lakini gizani hesabu haifanyi kazi. Tuliuza televisheni tukalipa simu kwanza, kabla ya deni lingine lote, kwa sababu lile ndilo lililokuwa likikua usiku.

Kisha tukaanza kuzunguka. Ni kazi ngumu kuliko ugonjwa. Tulikwenda kwa mwenye nyumba siku sita kabla ya tarehe ya kodi, tukamwambia hatutaweza 9,000. Hakupunguza. Lakini alikuwa na nyumba ndogo nyuma, ya 5,500, akatupa hiyo bila kudai arubuni mpya. Tukahamia huko mchana kweupe, na watu wakatazama. Tulikwenda kwa mwalimu mkuu, akakubali tulipe 2,000 kila mwezi na mtoto asirudishwe nyumbani. Zile 500 za NHIF nililazimika kwenda kulipa mwenyewe kila mwezi, maana afisi haikuwa ikinikata tena. Siku hizi, tangu Oktoba 2024, mahali pake pamechukuliwa na SHA, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Jambo ni lile lile: mshahara ukisimama, makato nayo husimama. Ulizia mapema namna ya kuendelea kulipa, usije ukafika hospitali ukaambiwa jina lako halina malipo.

Sacco ndiyo iliyonitesa moyo. Mkopo wangu ulikuwa na wadhamini watatu, wote watumishi wenzangu, mmoja wao mshirika wa kanisa letu. Ninyi mnajua sheria za sacco: mimi nikikosa kulipa, akiba yao huguswa. Nilitaka kuwakimbia. Mke wangu akasema, "Wasikie kwako kabla hawajasikia kwa barua." Wawili walinielewa. Yule wa tatu alikasirika sana, akasema maneno makali mbele ya watoto wangu, na alikuwa na haki, kwa sababu alikuwa akingojea mkopo wake mwenyewe wa kujenga. Hatujarudi kuwa marafiki kama zamani. Siwezi kukudanganya kwamba ukisema kweli kila mtu atakukumbatia. Lakini kwa kuwa tulifika kabla ya kukosa hata mwezi mmoja, kamati ilikubali nilipe riba peke yake kwa miezi minne. Afisa mmoja aliniambia kwamba wanaokuja wakiwa wamekwisha kukosa miezi mitatu hawana la kuwasaidia.

Na ile ahadi ya paa? Nilikwenda kwa mweka hazina nikitetemeka. Aliandika mstari mmoja katika kitabu chake, akasema, "Mzee, paa litangoja."

Rudi sasa kwa yule mjane. Elisha alimwambia aazime vyombo kwa majirani, tena vingi. Hebu fikiri. Mungu aliyeweza kuongeza mafuta asingeweza kuumba na vyombo? Lakini alimtuma mama huyu agonge milango. Kila jirani aliyempa gudulia alikuwa na sehemu katika jambo lile, ingawa hakujua. Kisha akaambiwa ajifungie mlango, yeye na wanawe. Kwa hiyo si lazima mtaa mzima ujue habari za nyumba yako. Wanaokudai wajue, na wenye vyombo wajue. Na watoto walikuwa ndani, wakimletea vyombo wakati anamimina. Hawakufichwa. Sisi tulimwambia binti yetu wa miaka kumi na mitano. Aliuliza swali moja tu: "Baba, utapona?"

Chombo tulichoazima sisi kilikuwa cherehani cha pili. Mama mmoja jirani, ambaye hata si wa dhehebu letu, alikuwa nacho chini ya kitanda tangu aache kushona. Kikundi cha akina mama kanisani kilikuwa kinataka sare mpya za kwaya, ishirini na nne. Badala ya kuzinunua mjini, walimpa mke wangu kazi ile na kumlipa nusu mbele. Alishona usiku na binti yetu alipofunga shule. Mimi nilikata vitambaa. Daktari alipenda sana habari ya kukata vitambaa. Alisema mikono yangu inaponya kichwa changu.

Sasa lile neno kwenu wengine. Kanisa letu lina mfuko wa kusaidiana. Mshirika akifiwa, kabla ya jua kuchwa tumekusanyika, tumechanga, gari limepatikana, chai imepikwa. Mtu akivunjika mguu tunaenda na matunda na unga. Lakini mtu aliyevunjika ndani tunamwuliza, "Utarudi kazini lini?" Watu kumi na mmoja waliniuliza hivyo, niliwahesabu, nami kila mara nilirudi nyumbani mgonjwa zaidi. Mmoja aliniambia niangalie kama kuna dhambi ambayo sijaungama. Katiba ya mfuko wetu ilitaja kifo, ajali na kulazwa hospitali. Mimi sikufa wala sikulazwa. Basi mfuko ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeutia sahihi kama mzee haukuwa na mahali pangu. Jumapili hii, wazee na akina mama, itoeni ile katiba kabatini, muisome mkitazama watu wenu waliokonda ghafla. Na ukienda kumtembelea, usiende na mahubiri marefu. Nenda na unga. Mwambie hutakaa sana. Kama una kazi ndogo ambayo ungemlipa mtu mwingine, mpe mkewe au mumewe kazi hiyo.

Na wewe mke, au wewe mume, ambaye mwenzako amebadilika, hana maneno, anaondoka mapema mno akiwa amevaa vizuri mno, usingoje mwenye duka akuambie. Fungua daftari upande wa nyuma. Uliza kwa sauti ya chini.

Elisha alimpa mjane amri kwa utaratibu: uza mafuta, lipa deni, kisha uishi kwa yaliyobaki wewe na wanao. Wahubiri tunapenda mafuta, tunapita haraka kwenye deni. Kwetu yaliyobaki hayakuwa mengi. Nilikaa nje ya kazi miezi mitano na wiki mbili. Niliporudi nilitoa barua ya daktari na kuomba vitabu vya mtu mmoja, si vya watatu. Wakakataa, tukaachana kwa barua na kwa malipo yangu ya haki. Nilipata kazi ya kutunza hesabu za shule moja ya chekechea kwa shilingi 23,000. Ng'ombe wa mama tulimwuza mwaka uliofuata. Deni la sacco lilikwisha Novemba 2020. Bado tunakaa ile nyumba ya nyuma. Cherehani kile cha jirani tulitaka kukirudisha, akasema kikae. Tai ninayo, naivaa siku za harusi.

Tuombe.

Baba yetu uliye mbinguni, asubuhi hii yuko mtu amevaa nguo za kazi na hana mahali pa kwenda. Unamjua jina. Mtoe kwenye benchi lile kabla ya adhuhuri, umrudishe nyumbani, na yule atakayemfungulia mlango umpe sauti ya upole. Walaze wasiopata usingizi. Wale tunaowadai, tupe uvumilivu nao. Wale wanaotudai, uwape mioyo ya kutusikiliza. Na kama kuna chombo kitupu chini ya kitanda cha mmoja wetu, utukumbushe leo kukitoa. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.